Mbu Auawe, Lakini kwa Gharama ya Nani?

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina sheria ambayo mfugaji wa Busawe angeielewa hata kabla mhubiri hajaifafanua. Mtu akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, aliyechimba analipa. Sheria haiulizi kama alikusudia. Haiulizi kama ng'ombe alikuwa mkaidi au mchungaji alisinzia. Kosa lilikwisha kutimia pale shimo lilipoachwa wazi, kabla ya mnyama yeyote kupita.

Chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa ya kunguni na kusukumwa chini ya kitanda bila lebo ni shimo la namna hiyo. Aliyeiweka alikuwa na nia njema: watoto hawakuwa wakilala kwa kuumwa. Lakini nia njema haifuniki chupa. Kwa hiyo swali zito la kimaadili kuhusu viuatilifu vya nyumbani si kama binadamu ana haki ya kuua wadudu wanaomtesa. Ni nani anayebeba hatari ya mauaji hayo, na kama mtu huyo aliwahi kuulizwa.

Busawe ni kata ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, katika eneo la Wangoreme, kusini mwa Mto Mara. Ng'ambo ya mto ndiyo Tarime ya Wakurya. Watu wa pande hizi hulima na kufuga, na kila kazi ina sumu yake. Pamba ina dawa ya kupulizia. Mahindi ghalani yana unga wa kuzuia dumuzi. Ng'ombe wana dawa ya kuogeshea dhidi ya kupe. Ndani ya nyumba kuna mbu, kunguni, viroboto na mende, na katika nyumba za udongo wanaweza kuwamo papasi, walioipa jina homa yao. Kaya ya mkulima na mfugaji basi huwa na sumu kali ya shamba na zizi karibu kuliko dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya chumba cha kulala. Kutoka hapo safari ni fupi: kifuniko kimoja cha dawa ya pamba ndani ya ndoo ya maji, na godoro linapakwa.

Dini na mila zimeliangalia tendo la kuua kidudu kwa uzito ambao wanunuzi wa dawa hawaukumbuki.

Walio wakali zaidi ni Wajaini, wafuasi wa dini yenye asili ya India, ambao wamejenga mahekalu Mombasa na Nairobi. Watawa wao wa madhehebu kadhaa hufunika mdomo kwa kitambaa ili pumzi yao isimdhuru kiumbe hewani, na hubeba ufagio laini wa kuondoa wadudu njiani kabla ya kukanyaga. Mpulizia dawa naye hufunika mdomo, ila yeye anajikinga na kile anachokirusha. Hata hivyo, Wajaini hao hao hutofautisha kiapo cha mtawa na maisha ya mwenye nyumba. Baba wa familia anayeilinda kaya yake hahesabiwi sawa na anayeua kwa kupenda.

Uislamu una kisa kilichomo katika mapokezi ya Bukhari na Muslim, cha nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi akaamuru kichuguu kizima kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamkemea: sisimizi mmoja ndiye aliyemuuma, yeye ameteketeza umma mzima. Katika sura ya 27 ya Kurani, iitwayo kwa jina la wadudu hao, Nabii Sulayman anamsikia mmoja wao akiwaonya wenzake wasikanyagwe na jeshi lake, naye anatabasamu na kushukuru. Visa hivyo havimkatazi mtu kumuua anayemuuma. Vinakataza kuua kuliko haja.

Kwa Wakurya na majirani zao, koo zina wanyama wa heshima ambao si ruhusa kuwaua: tembo, chui, pundamilia. Ukoo wa kunguni haujasikika. Hata heshima pana kwa viumbe ilijua mahali pa kuishia.

Thomas wa Akwino, mwanatheolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, alilitazama suala la kujihami na kufikia hukumu inayofaa hapa, ingawa yeye alikuwa akifikiria mtu na mtu. Kujitetea ni halali, lakini anayetumia nguvu kuliko kinachohitajika anaigeuza halali kuwa haramu. Karne saba baadaye Albert Schweitzer, daktari na mwanatheolojia aliyefungua hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, alijenga falsafa yake yote juu ya heshima kwa uhai, huku kila siku akiua vijidudu kwa dawa ili wagonjwa wake wapone. Hakuona unafiki. Kwa mfano wake mwenyewe, mkulima aliyefyeka maua maelfu ili ng'ombe wake wale, akirudi nyumbani asikate ua moja la kando ya njia kwa mchezo. Schweitzer alitaka kila uhai unaoondolewa uwe na sababu, na anayeuondoa aijue.

Kwa upande wa mbu, sababu ipo, tena kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5. Tanzania imeona mabadiliko makubwa: vipimo vya kitaifa vilikuta maambukizi kwa watoto wa umri huo yakishuka kutoka takriban asilimia 18 mwaka 2007/08 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Vyandarua vyenye viuatilifu vina sehemu kubwa katika ushindi huo. Utafiti uliotoka mwaka 2015 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba vilizuia zaidi ya thuluthi mbili ya maambukizi yote yaliyoepukwa Afrika tangu mwaka 2000 kwa vyandarua, upuliziaji na dawa za kutibu. Kwa hiyo anayekataa kila sumu kwa jina la usafi wa moyo naye ana maiti wa kuwajibikia.

Kanda ya Ziwa inaijua hoja hiyo kwa vitendo. Mwaka 2007 mpango wa kupulizia majumbani dawa-ukoko, yaani dawa inayobaki ukutani, uliofadhiliwa na Marekani, ulianza mkoani Kagera. Baadaye ukaingia Mwanza na Mara. Wapuliziaji walifika wakiwa na kofia ngumu, glavu, barakoa na bomba la mgongoni. Kaya ilitakiwa kutoa vyombo, chakula na maji nje, kukaa nje kwa saa mbili, kufungua madirisha, kisha kufagia wadudu waliokufa na kuwatupa chooni kabla kuku na watoto hawajaingia. Msomaji wa Mambo ya Walawi angekumbuka sura ya 14, ambako kuhani anayekuja kukagua nyumba yenye pigo kwenye kuta huamuru kwanza vitu vyote vitolewe nje ili visihesabiwe najisi pamoja nayo. Vyombo vilitoka kwanza, ukuta ukafuata.

Lakini baada ya wapuliziaji kuondoka, mwenye nyumba hubaki na dawa yake mwenyewe, isiyo na kofia ngumu wala msimamizi.

Sumu hizi hufanya kazi kwa sababu mishipa ya fahamu ya mdudu na ya mtu inafanana kuliko tunavyopenda kukubali. Kundi la oganofosfati, ambalo limo katika dawa nyingi za mashambani, huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe kati ya mshipa na msuli. Ujumbe usipozimwa, misuli inatetemeka na tezi zinafurika: mate, machozi, jasho, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, na mwishoni pumzi kukatika. Ukaribu huo una historia ya kutisha. Mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya wadudu mwaka 1936 alipokutana na tabuni, gesi ya kwanza ya vita inayoshambulia mishipa ya fahamu. Sarini, nyingine ya aina hiyo, ilifuata mwaka 1938.

Kundi jingine, la pairethroidi, ndilo lililomo kwenye vyandarua vingi na makopo mengi ya kupuliza. Asili yake ni ua la pareto, zao la Nyanda za Juu Kusini, ambalo wanakemia waliiga viini vyake. Permethrini ilitengenezwa Uingereza mwaka 1973. Mwili wa mtu huvunja sumu hizi haraka, ndiyo maana zinaruhusiwa karibu na kitanda. Hata hivyo zinawasha ngozi na macho, zinaweza kuamsha pumu, na permethrini nyingi humuua paka. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo hutoa moshi wenye madhara yake mwenyewe: utafiti wa mwaka 2003 juu ya dawa za China na Malaysia ulikuta kipande kimoja kikiungua kinatoa chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Katika chumba kilichofungwa madirisha kwa kuogopa mbu, moshi huo unakosa njia ya kutoka.

Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alifundisha kwamba kipimo ndicho kinachotofautisha sumu na kisicho sumu. Kanuni hiyo inathibitishwa na pirimifosi-methili: kiasi kidogo sana huchanganywa kwenye unga wa kuhifadhia mahindi, na kampeni za dawa-ukoko zimeipulizia ukutani. Kemikali hiyo hiyo ikimiminwa kwa kukisia juu ya godoro la mtoto inakuwa jambo jingine kabisa. Wala kipimo cha baba si kipimo cha mwanawe. Mtoto anatambaa pale dawa ilipotua, anatia vidole mdomoni, anavuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, na ubongo wake bado unajengwa. Mjamzito anavuta hewa ya wawili.

Hapa ndipo sauti ya asiyeulizwa inapoingia. Mtu mzima anayeamua kulala katika chumba alichokipuliza anaichezea afya yake. Mtoto hakuamua. Mpangaji wa chumba cha pili, katika nyumba za kupanga za Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti, ambazo kuta zake haziishii darini, hakuamua. Kijana wa kazi aliyeamriwa kuchanganya dawa kwa mkono mtupu alikubali kwa sababu hakuwa na namna ya kukataa, na ridhaa ya namna hiyo haina uzito mbele ya mwanafalsafa wala mbele ya kadhi.

Fikihi ya Kiislamu ina kanuni mashuhuri, inayotokana na hadithi iliyomo katika Muwatta wa Imam Malik: mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara. Mafakihi waliitumia kwa mambo ya jirani hasa, kama moshi wa tanuri, maji machafu na ukuta unaoziba mwanga. Haki ya mtu juu ya nyumba yake ni kamili mpaka pale inapomfikia mwenzake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inasema jambo la aina hiyo kwa lugha ya ujenzi: anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari lake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mgeni ndiye anayeanguka, lakini mjenzi ndiye anayedaiwa.

Ukingo wa nyumba yenye dawa unajulikana, na sehemu kubwa yake haigharimu fedha. Dawa hubaki katika chombo chake cha asili, chenye lebo, mahali pa juu palipofungwa kwa kufuli, mbali na chakula na mahali pa kulala. Kufuli hilo linamkinga mtoto, na linamkinga pia mtu mzima katika saa ya hasira au ya kukata tamaa, ambapo sumu iliyo karibu hugharimu maisha. Utepe wa rangi chini ya lebo unaeleza ukali: nyekundu ni hatari sana, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ndiyo nafuu. Dawa ya shamba au ya josho haiingii chumbani hata kama imezimuliwa. Chupa ya soda haijazwi sumu hata kwa saa moja. Anayepuliza hufunika pua, huvaa mikono mirefu, hutoa watu na kuku, hufunika maji, na hufungua madirisha kabla wenyeji hawajarudi. Chandarua kipya huanikwa kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika.  Kopo tupu halifanywi kikombe wala kibatari.

Mtu akinywa au kumwagikiwa, mila ya kumnywesha maziwa na kumtapisha inaweza kuongeza madhara, hasa kwa sababu dawa nyingi huyeyushwa katika mafuta ya jamii ya petroli ambayo yakiingia mapafuni yanayaunguza. Kinachosaidia ni kuvua nguo zilizolowa, kuosha mwili kwa sabuni na maji mengi huku anayeosha akijikinga, na kumkimbiza mgonjwa hospitali pamoja na chupa au lebo yenyewe. Atropini ipo kwa ajili ya sumu ya oganofosfati, lakini daktari anahitaji kujua anapambana na nini.

Baadhi ya waumini hujibu tahadhari hizo kwa neno moja: Mungu ndiye mlinzi. Ni kweli katika kila dini ya mkoa wa Mara, na si jibu. Katika mapokezi ya Tirmidhi, Bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu aliambiwa na Mtume amfunge kwanza, kisha ategemee. Waadventista Wasabato, wenye mizizi ya zaidi ya miaka mia katika kanda hii, hufundisha kwamba mwili ni hekalu na afya ni sehemu ya ibada. Fundisho hilo halimalizikii kwenye pombe na sigara. Anayemwachia Mungu kazi ya kufunga kifuniko amemgeuza Mungu kuwa mtumishi wa uzembe wake.

Asiyeulizwa si jirani wa leo peke yake. Miaka ya 1980 shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki ilifika Vikuge, Kibaha, sehemu yake ikiwa imekwisha muda. Iliwekwa bandani, banda likaanguka, na miaka mingi baadaye watafiti bado walikuta DDT kwenye udongo. Watoto waliozaliwa Vikuge baada ya hapo hawakutia saini hati yoyote ya msaada. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, baada ya kubainika kwamba wapo wavuvi waliokuwa wakivua kwa kumwaga viuatilifu majini. Wavuvi waaminifu wa Mara walilipia sumu ambayo hawakuimwaga.

Usugu wa wadudu ni deni la aina hiyo hiyo. Kila unyunyizaji wa ovyo huua mbu dhaifu na kuwaacha wale wanaoivumilia dawa wazaane. Mpango wa dawa-ukoko wa Kanda ya Ziwa ulianza na pairethroidi; baada ya miaka michache ililazimu kuhamia kundi la kabamati, kisha oganofosfati, kwa sababu mbu walikuwa wameizoea ya kwanza. Dawa inayofanya kazi ni mali ya umma kama kisima, ingawa inauzwa kwa kopo la mtu mmoja.

Serengeti yenyewe inaonyesha kwamba kuua kwa kipimo kunawezekana. Mbung'o, anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, alizuia wafugaji kuingia katika mapori mengi, na kwa namna fulani alilinda wanyama kabla serikali haijatangaza hifadhi ya taifa mwaka 1951. Leo ndani ya hifadhi huonekana vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotiwa deltamethrini. Mbung'o huvutwa na rangi, hutua, hufa. Sumu imekaa pale tu anapogusa yeye. Ndege aliye juu ya mti na mtalii aliye garini hawaivuti. Chandarua kinafuata fikra hiyo, kwani kinamngoja mbu kwenye njia yake ya kuja kuuma. Thomas wa Akwino angekitambua kuwa kujihami kwa kiasi, na Schweitzer angeona sababu ya kila kifo.

Kopo la kupuliza hewani na mchanganyiko wa ndoo haviwezi kujisifu hivyo. Na wanaovitumia zaidi mara nyingi ni wale wasio na njia nyingine: mama ambaye kunguni wamemshinda na ambaye fedha yake inatosha dawa ya kupimiwa tu. Kumlaumu yeye peke yake ni kupotosha sheria za Musa, ambazo humtafuta aliyeanzisha hatari popote alipo. Muuzaji aliyemimina dawa kutoka dumu hadi chupa ya maji alijua alichoficha. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha, kusimamia usajili na uuzaji wa viuatilifu. Halmashauri za vijiji nazo, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, zinaweza kutunga sheria ndogo. Kijiji kikitaka, kinaweza kupiga marufuku uuzaji wa dawa isiyo na lebo kwenye gulio lake, na kumtaka kila muuzaji aeleze dawa ni ya kazi gani kabla ya kupokea fedha.

Kinachobaki kigumu ni bei. Marufuku ya dawa ya kupimiwa, bila dawa salama inayouzwa kwa kiasi ambacho mama huyo anakimudu, yatamwacha na kunguni wake au yatamrudisha kwenye dawa ya pamba. Kabla mkutano wa kijiji haujapitisha sheria hiyo, wapo watu wawili ambao inafaa wasikilizwe kwanza: mwenye duka la pembejeo, aeleze kwa nini hauzi pakiti ndogo zenye lebo, na mama mwenyewe, aseme anaweza kulipa kiasi gani.